Koti la Mvua Lililochanika: Soma Hapa Kabla Hujalipeleka kwa Fundi Cherehani

Somo la leo ni la wale mnaouza mitumba mtandaoni, hasa nyie wa majaketi na makoti ya mvua. Mvua zikianza tu mnajua wenyewe simu zinavyoita. Bodaboda anataka koti, mama wa genge anataka koti, na kule Moshi na Arusha wapagazi na waongoza wageni wa Kilimanjaro wanatafuta jaketi ambazo zikiwa mpya dukani bei yake haishikiki. Halafu unafungua balo, unakuta jaketi kali, zipu nzima, rangi haijapauka, kumbe kiwiko kimechanika sentimita tano.

Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayeitupa kwenye fungu la bei ya hasara. Kuna anayekimbia nayo kwa fundi cherehani: inashonwa vizuri, inapigwa picha upande usioonyesha mshono, inauzwa kwa maneno "haipitishi maji". Yule wa kwanza anapoteza pesa. Huyu wa pili anapoteza mteja, na saa nyingine anamweka mtu kwenye hatari kabisa. Fikiria mpagazi aliyenunua hilo koti kwako. Analowana mvua kule chini msituni, siku kadhaa baadaye yuko kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, usiku baridi inashuka chini ya sifuri na nguo zake bado mbichi. Mwili uliolowa unapoteza joto haraka sana. Huko hakuna cha kumwandikia muuzaji inboksi.

Kwa hiyo tujifunze kuziba mchaniko nyumbani, tuujaribu kwa maji, tuuseme wazi kwenye tangazo, na bado tupate faida. Inawezekana, na vifaa vyake havijazi hata mfuko wa rambo.

KWA NINI SINDANO SI RAFIKI

Koti la mvua la kweli si kitambaa kimoja. Nje kuna nailoni au poliesta, ambayo ndiyo unayoiona na kuishika. Nyuma yake kuna kitu kinachozuia maji, ama rangi ya plastiki laini iliyopakwa kwa ndani (poliurethani), ama utando mwembamba uliobandikwa, kama ule wa Gore-Tex. Ule utando ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969. Alivuta plastiki moja kwa ghafla, ikajaa vitundu vidogo mno, tone la maji haliwezi kupita ila mvuke wa jasho unapita. Ndiyo maana jaketi ya aina hiyo ikiwa nzima ina bei hata kwenye mtumba.

Sasa chukua cherehani. Mchaniko wa sentimita 5, hatua ya mshono milimita 2.5, tayari umetoboa vitundu kama 20 kwenye mstari mmoja tu. Fundi akirudia mara mbili, 40. Akipiga zigizaga, usihesabu. Uzi wenyewe unanyonya maji na kuyaingiza ndani. Macho yanaona koti limepona, maji yanaona chujio.

Utauliza, mbona kiwandani wanashona? Geuza koti ndani nje uangalie mishono yake. Utaona utepe mwembamba wa kung'aa umebandikwa juu ya kila mshono. Wanashona, halafu wanaziba kila kitundu kwa utepe na joto. Fundi wa mtaani hana huo utepe, na si kosa lake, hiyo si kazi tuliyompa.

Kanuni ya kushika basi: mchaniko wa katikati ya kitambaa unabandikwa, haushonwi. Mshono ulioachia ndio pekee unashonwa, na baada ya hapo unazibwa kwa gundi kwa ndani.

KWANZA JUA KAMA KOTI LENYEWE LINAFAA

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotea. Watu wanabandika kiraka kizuri kabisa kwenye koti ambalo limeshakufa.

Koti lililokufa linajulikana hivi. Ligeuze ndani nje. Pitisha kiganja. Ukiona unga mweupe au maganda maganda yanabaki mkononi, au sehemu inanata kama pipi iliyolowa, au kuna mapovu ambapo kitambaa kimeachana na utando wake, hilo halizuii maji tena. Mara nyingi lina harufu pia, kali, kama maziwa yaliyochacha, na hata ukilifua mara tatu inarudi. Ile rangi ya plastiki ya ndani inaoza kwa joto na unyevu. Hakuna gundi, hakuna dawa, hakuna fundi. Liuze kama koti la upepo na useme hivyo, au likate uvune zipu, vifungo na kitambaa.

Hili ni muhimu zaidi kwenu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Ukifungia stoo makoti ya mvua ndani ya mifuko ya nailoni iliyobanwa, kwenye joto la pwani, unayaozesha mwenyewe polepole. Yatundike, yawe makavu, hewa ipite. Usiyakunje yakiwa na unyevu hata kidogo.

Kuna koti jingine linalodanganya watu kwa upande wa pili, yaani zima lakini linaonekana bovu. Ukilimwagia maji, badala ya matone kuteleza kama kwenye jani la mgomba, kitambaa cha nje kinalowa na kuwa cheusi. Muuzaji anasema linavuja. Si lazima! Kitambaa cha nje hupakwa dawa ya kutelezesha maji, na dawa hiyo huisha kwa kufuliwa na kuvaliwa. Ndani yake utando unaweza kuwa mzima kabisa. Weka mkono ndani: kama ni pakavu, koti lako ni zima, linahitaji kufuliwa vizuri na kurudishiwa dawa. Kwenye soko la jumla makoti ya namna hii yanaachwa na wanunuzi wasiojua. Wewe unayejua, okota.

Na mengine hayaingii kwenye somo hili kabisa. Jaketi lenye manyoya ya ndege ndani (lile lililojaa kama godoro) mara nyingi ni la baridi, si la mvua. Koti la plastiki nene, lile la njano la wavuvi na watu wa bandarini, ni PVC, linataka gundi ya PVC. Na kuna nailoni nyepesi mno inayoteleza sana kama imepakwa mafuta. Hiyo imepakwa silikoni, na gundi za kawaida hazishiki, inataka gundi ya silikoni. Ukibandika kiraka kikatoka chote kwa mara moja bila kuacha alama, jua ndiyo hiyo.

VIFAA

Mkasi wenye makali. Spiriti isiyo na rangi kutoka duka la dawa. Ile ya zambarau itakutia madoa kwenye koti jeupe. Pamba au kitambaa cheupe. Kijiko cha chuma. Tishu. Ubao au meza iliyonyooka.

Kisha kiraka. Kilicho bora ni utepe wa kurekebishia mahema na makoti, wa nailoni, wenye gundi nyuma yake. Unaojulikana zaidi ni Tenacious Tape wa kampuni ya Gear Aid, na kuna wa aina nyingine nyingi wa bei rahisi kwenye maduka ya mtandaoni. Upo wa rangi na upo unaoonyesha. Roli moja inatibu makoti mengi. Kwa gundi, ya poliurethani inayobaki laini ikikauka ndiyo yenyewe. Kampuni hiyo hiyo wana Seam Grip. Kama hujaipata, gundi ya mafundi viatu ile ya njano inafanya kazi kiasi, lakini ina mipaka na nitaisema chini.

Na hivi usitumie. Supagluu inakauka ngumu kama kioo. Kiwiko kikikunjwa mara chache inapasuka na kuongeza mchaniko pembeni. Selotepu na ule utepe wa kijivu wa mafundi bomba unashika wiki moja, jua likipiga gundi inayeyuka, inaacha utelezi ambao kuutoa ni adhabu. Solusheni ya baiskeli ni ya mpira, haikutengenezwa kwa nailoni. Na usijaribu kuyeyusha kingo za mchaniko kwa kiberiti ukidhani unaziunga. Unatengeneza ukingo mgumu unaokata kiraka kutoka ndani.

KAZI YENYEWE

Fua kwanza. Koti zima, si sehemu iliyochanika tu. Tumia sabuni ya maji kidogo, usitumie jiki wala ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, maana inabaki kwenye kitambaa na kuvuta maji. Suuza mara mbili au tatu mpaka povu liishe. Anika kivulini mpaka likauke kabisa, na mifuko pia uigeuze.

Likikauka, lilaze mezani, mchaniko ukiangalia juu. Kata nyuzi zinazoning'inia, usizivute. Sasa rudisha kingo mahali pake zigusane bila kupandana na bila kuacha mwanya. Mchaniko wa misumari na seng'enge mara nyingi una umbo la pembe, kipande kinaning'inia kama mlango. Kifunge huo mlango taratibu mpaka nyuzi za kitambaa zielekee upande mmoja na za jirani zake. Ukiubandika ukiwa umepinda, koti likivaliwa kitambaa kitavutana na kona ya kiraka itainuka. Kuushikilia, bandika kipande chembamba cha selotepu kwa ndani kwa muda, utakitoa baadaye.

Lowesha pamba kwa spiriti, sugua eneo lote mpaka sentimita tatu nje ya mchaniko. Usiwe mvivu hapa. Ile dawa ya kutelezesha maji inatelezesha na gundi vilevile, ndiyo maana viraka vingi vinaachia. Ngoja dakika tano pakauke. Usipaguse tena kwa vidole, vidole vina mafuta.

Kata kiraka kizidi mchaniko kwa sentimita moja na nusu kila upande. Na kona zake zikate mviringo. Kona kali ndiyo inayokamatwa na begi, na kiti cha pikipiki, na mkono wa mtu mwingine kwenye daladala. Kiraka cha duara au cha umbo la yai hakina mahali pa kuanzia kubanduka.

Bandua karatasi ya nyuma kidogo tu upande mmoja, shikiza, halafu endelea kuivuta huku ukilaza kiraka kwa kidole kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kikishakaa, chukua mgongo wa kijiko usugue kwa nguvu, hasa pembeni, dakika mbili nzima. Gundi hizi zinashika kwa mgandamizo. Weka kitabu kizito juu yake, ondoka. Saa 24 usilifue, usilikunje, usilivae.

Kiraka cha nje pekee kinatosha kwa tundu dogo, mfano cheche ya moto au sigara. Kwa mchaniko mrefu, au sehemu inayokunjwa kila saa kama kiwiko na kwapa, weka na cha ndani. Koti ambalo ndani lina bitana iliyoachana (ile ya wavu au ya hariri) huwezi kufika kwenye utando mpaka ufungue. Fumua bitana sentimita kumi hivi pale chini kwenye pindo, ingiza mkono, vuta sehemu iliyochanika itoke, bandika, rudisha, halafu shona bitana kwa mkono. Hapo sindano inaruhusiwa kwa sababu unashona bitana peke yake. Angalia tu usichukue kitambaa cha nje.

Kama unatumia gundi ya poliurethani badala ya utepe: shikiza mchaniko kwa selotepu upande wa nje, geuza, paka gundi nyembamba kwa ndani ikizidi kingo kwa nusu sentimita kila upande, acha imelazwa vilevile saa 8 mpaka 12, ndipo utoe selotepu. Inakauka kama mpira laini. Njia hii ni nzuri sana kwa vitundu vya sindano pia. Ukikutana na koti ambalo mwenye zamani alishalishona kwa cherehani, huhitaji kufumua. Pakaza gundi hiyo juu ya mshono wote kwa ndani, umemaliza.

Na gundi ya viatu? Kata kiraka cha nailoni kutoka kwenye lile koti lililokufa, sehemu ambayo haijaganduka maganda. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri kama dakika kumi mpaka ukigusa haivuti, kisha bandika mara moja bila kusogeza, gandamiza. Inashika. Lakini gundi ikizidi pembeni inabaki ya njano, kwenye koti la rangi nyepesi inaonekana vibaya, na mvuke wake unawaka moto kirahisi na unaumiza kichwa. Fanya nje au dirisha likiwa wazi, jiko likiwa mbali. Mimi naiona inafaa kwa koti la bodaboda la bei nafuu, si kwa jaketi la kupandia mlima.

Mshono ulioachia nimeshautaja: shona palepale ulipokuwa kwa uzi wa poliesta (uzi wa pamba unanyonya maji), halafu ziba kwa gundi kwa ndani. Utepe wa kiwandani ulioinuka pembeni unaweza kuurudisha kwa gundi kidogo. Ukiwa umeachia koti zima, rudi juu kwenye makoti yaliyokufa.

MAENEO YASIYO NA MATUMAINI

Kuna sehemu kiraka hakidumu hata ufanyeje. Ya kwanza ni makalio na mapajani kwenye suruali ya mvua ya bodaboda: uzito wa mtu, joto la kiti, na maji yaliyotuama kwenye siti yanasukumwa juu. Nyingine ni bega chini ya mkanda wa begi. Mpagazi anabeba mzigo siku nzima, mkanda unasugua palepale. Pembeni kabisa ya zipu pia ni shida kwa sababu kiraka hakina nafasi ya kulala. Ukiviuza hivi, bei iwe ya chini na sababu uiseme.

Mchaniko zaidi ya miwili mikubwa kwenye koti moja, mimi ningeacha. Muda wako nao ni mtaji.

JARIBIO LA BAKULI

Usiandike "limejaribiwa" kama hujajaribu. Jaribio ni rahisi na halina gharama. Chukua bakuli, weka tishu kavu ndani chini. Tandaza sehemu yenye kiraka juu ya mdomo wa bakuli, nje ya koti ikiangalia juu, ibonyeze kidogo iwe kama shimo. Mimina nusu kikombe cha maji kwenye hilo shimo. Ngoja dakika kumi. Halafu bonyeza taratibu kwa kidole kwenye kiraka, maana mvua peke yake haina nguvu kama mvua ya mtu aliye kwenye pikipiki, upepo unasukuma maji kifuani. Mwaga maji, inua koti, angalia tishu. Kavu, umeshinda. Ina doa, angalia limetokea ukingo gani wa kiraka, paka gundi hapo, rudia kesho.

Fanya hivyo hivyo kwenye mshono wa bega na wa kofia, hata kama havina kiraka. Ndipo koti zee linapoanzia kuvuja. Kuna watu wanajaribu kwa kupuliza kwa mdomo. Nguo ya mtumba hiyo, jamani, tumia maji.

Likishafaulu, ndipo urudishe dawa ya kutelezesha maji. Zipo za kupuliza, Nikwax ni moja ya majina yanayojulikana. Usianze nayo kabla ya kiraka, nimeshaeleza kwa nini. Ukiwa huna dawa, mara nyingine joto pekee linaamsha iliyobaki. Soma lebo kwanza: alama ya pasi yenye nukta moja maana yake moto mdogo, pasi yenye msalaba maana yake usipige kabisa. Kama inaruhusu, weka taulo kavu juu ya koti, pasi moto mdogo bila mvuke, pitisha haraka usisimame mahali pamoja, na kiraka ukikwepe. Nailoni ikiyeyuka ndiyo basi tena.

BEI NA TANGAZO

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme koti umelipata kwa 8,000 kwa sababu limechanika. Zima la aina hiyo unaliuza 30,000. Kiraka na gundi viligharimu 1,500, sabuni na maji 500, na kazi yako ya dakika arobaini uilipe 3,000, usijisahau. Jumla 13,000. Ukiliuza 22,000 kama koti lililorekebishwa, una 9,000 baada ya kujilipa. Mteja ameokoa 8,000. Kwenye fungu la hasara lingeenda 10,000, ukabaki na 2,000.

Wengine wataniambia, ukisema lina kiraka nani atanunua? Mteja wa mtandaoni hawezi kushika nguo, anachonunua ni maneno yako na picha zako. Kiraka atakiona tu siku atakapolipokea. Akikikuta hakikusemwa, anaanza kutilia shaka na zipu, na saizi, na kila ulichosema. Akikikuta kilivyosemwa, anakukumbuka.

Picha ziwe hivi: koti zima mbele, koti zima nyuma, ndani nje ili mishono ionekane, kisha kiraka kwa karibu na sarafu pembeni yake ili ukubwa ujulikane. Na video fupi ya jaribio la bakuli, mpaka pale unapotoa tishu kavu. Hiyo video kwenye status inauza kuliko maelezo ya aya tatu. Maneno yenyewe yawe mafupi:

"Koti la mvua, saizi L, rangi ya bluu. Lilichanika kiwiko cha kushoto, limebandikwa kiraka sm 8 nje na ndani. Limejaribiwa kwa maji dakika 10, halijapitisha. Bei 22,000. Likivuja kwenye kiraka ndani ya siku 14, rudisha."

Hizo siku 14 usiogope kuziweka kama jaribio umelifanya kweli. Kama hujalifanya, usiziweke.

Maswali yatakuja, na namna ya kujibu ina maana. Mfano:

"Dada, hilo koti nataka kupandia mlima wiki ijayo, litafaa?"

"Karibu kaka. Kiraka kiko kiwikoni na nimekijaribu, video hiyo hapo juu. Mishono ya bega nayo nimeijaribu iko sawa. Ila nikuambie ukweli, chini ya mkanda wa begi kitambaa kimeanza kuchakaa kidogo, nimekupigia picha. Kama unabeba mzigo siku sita, chukua lile la kijani, limezidi 6,000 lakini bega ni zima."

"Hapo nimekuelewa dada. Nitumie la kijani."

Umeona? Ameuza la bei kubwa kwa kusema udhaifu wa la bei ndogo. Na hilo la bluu atalichukua mtu wa bodaboda ambaye habebi begi.

Kwa mteja wa mlimani asiye na uwezo wa kununua wiki hiyo, unaweza kumwelekeza kitu: pale Moshi kuna mradi wa KPAP unaowaazima wapagazi mavazi ya mlimani. Hupotezi chochote kumwambia. Akipata hela atarudi kwa aliyemsaidia.

Jambo dogo la rangi. Ukikosa kiraka kinachofanana na koti, usihangaike na kinachokaribia kufanana, kinaonekana kama doa. Weka kinachopingana kabisa, na ubandike cha pili kwenye kiwiko cha upande wa pili ambacho hakijachanika. Kinaonekana ni mtindo. Kwa koti la bodaboda, kiraka cha utepe unaong'aa taa zikiupiga mgongoni kinaziba tundu na kumfanya aonekane usiku; hicho bodaboda wenyewe watakiulizia.

Wakati wa kutuma mzigo, kunja koti ili mkunjo usipite juu ya kiraka, na usilifunge kwenye nailoni kama lina unyevu. Ndani ya kifurushi weka karatasi ndogo: sabuni ya maji kidogo, hakuna jiki, hakuna kilainishi, anika kivulini, kiraka kikiinuka ukingo usikivute, nipigie.